Ekzosi ya Mabomba ya Maziwa

Rubondo, Nakivale
4 Machi 2025

Kwa Mama Fundi Resty, Biharwe, Mbarara,

Salamu mingi kutoka kwetu. Naitwa Kalume Bienfait, mkimbizi Mukongomani wa Uvira, katekista na mulimaji wa maharage. Hatujuani. Ramathan, dereva huyu anayekuletea barua, ameniambia kwamba ulitengeneza malori ya jeshi miaka ishirini na miwili, na tangu ustaafu hakuna chuma ambacho kimekushinda. Ameniambia pia kwamba hutaki kupigiwa simu, anayetaka kusema na wewe aandike. Hilo limenifurahisha. Mimi ni mutu wa karatasi.

Pikipiki unayoiona juu ya gari, katikati ya magunia, ni yangu. Ni Honda kubwa ya safari, ya mwaka 1991, silinda mbili. Ilikuwa ya padri wa parokia yetu. Alipozeeka akarudi kwao Ubelgiji, akaniachia funguo na baraka. Mwaka 2013 nilitoka nayo Kongo, ikanivusha Burundi na Tanzania mpaka mpakani Kikagate, na haikunilaza porini hata mara moja.

Injini bado ni nzima. Ila eshapema imekufa. Kutu imeila mpaka unaona nyasi kwa kupitia ndani yake. Mimi nimeifunga na kopo la nyanya, na waya, na udongo wa kichuguu, na sala. Sasa imekataa vyote vinne.

Ombi langu ni moja, na nakuomba ulisome mara mbili. Nataka inyamaze. Sisemi ipunguziwe kelele kidogo. Nataka ipite nyuma ya mutu na yule mutu asigeuke.

Kuhusu malipo usiwe na wasiwasi, Ramathan atakueleza.

Ndimi katika Kristo,
Kalume Bienfait


Biharwe
8 Machi 2025

Mzee Kalume,

Pikipiki imefika. Imekuja na maharage ndani ya taa ya mbele, sijui yaliingiaje.

Kwanza, hii kitu unaita eshapema nilimuuliza Ramathan ni ugonjwa gani. Kumbe ni ekzosi. Sasa tumeelewana. Na wewe unisamehe Kiswahili changu. Nilifundishwa na masajenti, wote wakiwa na haraka.

Nimeifungua. Kopo la nyanya nimelitoa kwa mkasi. Udongo wa kichuguu umeiva kama tofali, nimeutoa kwa patasi na nyundo. Ssebo, bwana wangu, chini yake hakuna ekzosi. Kuna kutu tu, iliyosimama kwa mazoea. Mabomba mawili yanayotoka kwenye silinda yametoboka. Lile sanduku la chini ya injini, pale yanapokutana, nimelishika likabaki mkononi kama mkate mkavu. Salensa ndani imekwisha, vipande vinagongana tu.

Sasa nikueleze kwa nini inapiga. Ukiachia mafuta, hewa inaingia kwa yale matundu. Ndani kuna petroli ambayo haijaungua. Ikikutana na hewa kwenye joto, inalipuka. Ramathan anasema inapolipuka ni kama bunduki. Mimi namwamini.

Kuziba tena ni kudanganyana. Mpya haipatikani Mbarara, na Kampala wataniambia ningoje meli. Lakini sisi hapa ni watu wa ng'ombe. Kuna kiwanda cha maziwa kimebadilisha mabomba yake, na ya zamani yanauzwa kama chuma chakavu. Ni stenlesi, ssebo. Yamepitisha maziwa miaka kumi na tano na hayana doa. Nitayakunja, nitayachomelea, nitakutengenezea ekzosi ambayo itakuzika wewe na mimi.

Swali ni hili. Vijana wa boda wote wanakuja kwangu nitoboe salensa zao zipige kelele zaidi. Wewe ndiye mtu wa kwanza kunitaka niinyamazishe kabisa. Kwa nini?

Resty Kobusingye
Sajenti mstaafu


Rubondo, Nakivale
12 Machi 2025

Mama Fundi,

Aksanti kwa barua yako. Niliisoma kwa sauti mezani. Binti yangu Olga alicheka kwa ile kutu iliyosimama kwa mazoea mpaka uji ukamwagika.

Mabomba ya maziwa nayakubali kwa moyo wote. Padri aliyeniachia pikipiki alipenda maziwa kuliko divai, kwa hiyo hata yeye asingepinga.

Umeniuliza kwa nini. Kazi ya katekista inataka utulivu. Naenda fasi mingi: kwa wagonjwa, kwa wafiwa, kwa batu wanaosali. Si vizuri kufika kwa makelele.

Tena kuna mutu ninayepaswa kumbeba kabla ya Pasaka, na huyo mutu hataki kelele. Zaidi ya hapo ni mambo ya nyumba yangu. Pasaka ni tarehe 20 ya mwezi wa nne. Naomba sana, isipite.

Kalume


Biharwe
17 Machi 2025

Mzee Kalume,

Nimeweka spana chini. Soma ujue kwa nini.

Kwanza habari za kazi. Bolti nne zinashika mabomba kwenye silinda. Kutu imezishika zote. Nilizimwagia mafuta siku tatu, nikazipasha moto, nikazungusha polepole kama mtu anayefungua mlango wa mkwe. Tatu zilitoka. Ya nne imekatikia ndani. Hiyo naiweza, nitakueleza siku nyingine.

Lakini jioni nilikaa nikasoma barua zako zote mbili pamoja. Kuna mtu anataka pikipiki isiyosikika. Mtu huyo alikuja kwa njia ya Kikagate na anaijua vizuri. Sasa ana mtu wa kumbeba, kabla ya tarehe fulani, kimyakimya. Nikimuuliza ni nani, ananiambia ni mambo ya nyumbani.

Mimi nilikuwa askari. Wewe ungefikiri nini?

Pengine ni sukari tu unavusha. Pengine ni watu. Sijui. Lakini mimi nina jina hapa Biharwe, na wake wa askari wa kambini ndio majirani zangu. Sitachomelea ekzosi ya kupitisha magendo. Niambie mgeni wako ni nani, jina lake na anakwenda wapi. Ukiniambia, nawasha moto siku hiyo hiyo.

Resty


Rubondo, Nakivale
20 Machi 2025

Kwa Sajenti Resty,

Nimepokea barua yako. Nina miaka hamsini na nane. Nimefundisha Amri Kumi kwa batoto mia tatu na zaidi, na ya saba, Usiibe, naijua.

Sina la kukueleza. Mgeni wangu hajafanya kosa, wala si mutu wa kuandikwa jina lake mu barua kwa askari. Nilifikiri naandikia fundi.

Mpe Ramathan pikipiki Jumatano. Nirudishie na kutu yake, na kopo la nyanya kama bado unalo.

Kalume Bienfait


Rubondo, Nakivale
21 Machi 2025

Mama Resty,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni Olga, binti ya Kalume, mwalimu wa darasa la tatu hapa Rubondo. Papa hajui kwamba nimekuandikia. Ramathan anajua, lakini nimempa chapati nne za kunyamaza.

Naomba usirudishe pikipiki kabla hujasoma barua hii mpaka mwisho.

Mgeni ni shangazi yangu Marie, dada mkubwa wa Papa. Mwezi wa pili alifika Kabazana, pale wanapoandikishwa wakimbizi wapya. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na miwili, na kwa miaka mitatu ya mwisho hatukujua kama yuko hai. Papa aliposikia jina lake limo kwenye orodha, alivaa koti la Jumapili ingawa ilikuwa Jumanne, akawasha pikipiki akaenda.

Alimuona kwa mbali, amesimama kwenye foleni ya uji. Papa akaachia mafuta ili asimame. Pikipiki ikapiga mara tatu.

Watu wote wa foleni walilala chini. Wote kwa pamoja, kama nyasi zikipitiwa na upepo. Papa anasema kilichomuumiza ni kwamba hakuna aliyelia. Hata watoto. Walikuwa wamezoea, kila mmoja alijua pa kuweka kichwa. Uji ulimwagika, na shangazi alikuwa amelala juu ya mtoto ambaye si wake.

Papa alimkimbilia akapiga magoti. Akamwambia, "Marie, ni mimi. Ni Kalume."

Shangazi hakuinua uso. Akauliza kwa sauti ndogo, "Muko bangapi?"

"Niko peke yangu, dada. Ni pikipiki ya padri. Ni mimi."

Ilichukua muda mrefu mpaka alipomtazama. Halafu walilia wote wawili, na Papa akawaomba msamaha watu wa foleni mmoja mmoja, akiwapangusa vumbi. Wengine walicheka, wakamwambia anunue baiskeli. Lakini hakuiwasha tena siku ile. Aliisukuma kwa mkono mpaka nyumbani, jua kali, koti mwilini.

Tangu hapo kila Jumatano na kila Jumapili anakwenda Kabazana kwa miguu, na ni mbali. Shangazi ameruhusiwa kuhamia kwetu, lakini nyonga yake ni mbovu, hawezi kutembea hata robo ya njia. Gari hataki, boda hataki. Lori lililomleta alipanda akiwa amejifunika kitenge kichwani, na anasema hilo lilikuwa la mwisho. Alimwambia Papa, "Ya padri nitapanda, kwa sababu naijua tangu ujana wangu. Ila siku nitakapoisikia haipigi."

Papa anaona haya kumweleza mtu yeyote. Na kumweleza askari anaona haya mara mbili. Alisema, "Mutu aliyebeba bunduki akisikia habari hii atacheka, au atahuzunika. Sitaki hata moja."

Sasa umejua. Ukiamua kuirudisha, irudishe. Lakini Papa si mtu wa magendo. Hata maharage hapimi mpaka aongeze konzi juu.

Olga Kalume


Biharwe
25 Machi 2025

Olga, mwanangu,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama. Halafu nikakaa, nikaisoma tena.

Moto nimeuwasha siku hiyo hiyo. Usimwambie baba yako chochote. Nitamwandikia mwenyewe, nitajifanya mjinga. Kazi hiyo naiweza.

Baba yako amekosea kitu kimoja. Sikucheka na sikuhuzunika. Niliona aibu, juu ya kile kichwa changu cha kisajenti kinachoona magendo hata kwa katekista. Na nikwambie, bunduki sikuibeba sana. Nilibeba spana. Lakini hilo si la kujitetea.

Sasa, kwa sababu wewe umenipa siri, na mimi nakupa yangu. Mimi sisikii vizuri. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linabahatisha. Miaka yote ile nilikuwa kando ya majenereta na injini za malori makubwa, na tulikuwa tunajiziba masikio kwa pamba ya kawaida. Ndiyo maana simu siitaki. Ukiniambia maneno usoni nasoma midomo, nabuni yaliyobaki, watu hawagundui. Lakini fundi ambaye hasikii injini, nani atamletea kazi? Injini naisikiliza kwa meno. Naweka bisibisi ndefu kwenye chuma, nauma mpini wake, mtetemo unaingia kwenye mfupa. Wateja wanafikiri ni mtindo.

Kwa hiyo ona shida yangu. Baba yako ananitaka nitengeneze kimya, na mimi kwangu kila kitu ni kimya. Nikimaliza nitajuaje kama nimefaulu?

Lakini nimepata njia. Matundu yanaonekana kwa macho. Nitaziba mdomo wa salensa, nitaingiza upepo wa pampu, na nitapaka povu la sabuni kila nilipochomelea. Penye tundu, povu litachemka. Pasipo na tundu hakuna hewa inayoingia, na pasipo na hewa hakuna mlio wa bunduki. Hilo ni jambo la hakika, halihitaji masikio. Kuhusu kelele nyingine, nitatafuta mtu wa kunisaidia kusikia.

Niambie kitu kimoja tu. Shangazi anapenda nini? Nauliza tu.

Mama Resty


Rubondo, Nakivale
28 Machi 2025

Mama Resty,

Siri yako iko salama kwangu. Chapati hazitahitajika.

Umeuliza shangazi anapenda nini. Anapenda kusema. Zamani, Papa anasema, hakuna aliyepita mbele ya nyumba yake Uvira bila kuulizwa habari za mama yake na za mbuzi wake. Alikuwa mshonaji, akishona na kusema, kushona na kusema. Sasa anajibu tu akiulizwa. Hicho ndicho Papa anachokwenda kukitafuta kule kwa miguu, nadhani.

Papa ameanza kuuliza mbona Ramathan hakurudi na pikipiki Jumatano. Ramathan amemwambia gari lilijaa ndizi. Ni mwongo hodari, sikujua.

Olga


Biharwe
5 Aprili 2025

Mzee Kalume,

Pikipiki sijairudisha, na usinikasirikie. Nilifikiri nikaona nimekuuliza kitu ambacho hakinihusu. Fundi anauliza habari za chuma. Nimekosea, nisamehe. Sikuulizi tena.

Sasa sikiliza kazi. Ile bolti iliyokatikia ndani ya silinda ilibaki kidogo tu, kama kucha. Niliweka nati juu yake, nikaichomelea kwa ndani zikawa kitu kimoja, nikangoja ipoe hadi nikaweza kuishika, ndipo nikaweka spana. Ilitoka kama jino la mtoto. Nimeitunza ukitaka kuiona.

Mabomba ya maziwa nilijaza mchanga mkavu, nikaziba ncha mbili, nikapasha moto na kuyakunja. Bila mchanga bomba linajikunja kama shati. Nilikosea moja, la pili likakubali. Lile sanduku la chini nimelifanya jipya, kubwa kuliko la zamani, kwa sababu moshi ukipata chumba unatulia. Ndani ya salensa nimeweka bomba lenye matundu madogo mia tatu na ishirini. Nilitoboa mwenyewe, siku mbili, nikiimba. Kando yake nimejaza pamba ya waya inayostahimili moto. Mahali pa kukutana na silinda kuna ringi mpya za shaba.

Nilipojaribu kwa povu la sabuni, palichemka mahali pawili. Nikachomelea tena. Mara ya pili povu lilikaa tuli, kama povu juu ya maziwa ambayo yameshakamuliwa.

Halafu nikaita jirani yangu Goreti, mke wa koplo. Ana mtoto wa miezi miwili, na huyo mtoto ana sifa. Paka akikanyaga bati anaamka na kuamsha mtaa. Alikuwa amelala mchana kwenye mkeka. Nilimwomba Goreti ruhusa, nikaiweka pikipiki hatua tano kutoka kwenye mkeka, nikawasha. Nikaongeza mafuta, nikaachia. Nikaongeza, nikaachia. Mara kumi. Mimi nilikuwa natazama kope za mtoto tu.

Hakuamka, ssebo. Aliyeamka ni Goreti, maana na yeye alikuwa amesinzia, akaniuliza nitawasha lini.

Jumamosi tarehe 12 nitakuletea mwenyewe, naipanda kutoka Mbarara mpaka kwenu. Ekzosi mpya inataka kuchoka kidogo kabla ya kukabidhiwa. Nitarudi na Ramathan. Nisubiri Kabazana saa sita mchana, kwenye njia inayopita karibu na matangi ya maji. Barabara za Rubondo sizijui.

Resty


Rubondo, Nakivale
15 Aprili 2025

Mama Resty,

Leo ni Jumanne ya Wiki Kuu na nina kazi mingi kanisani, lakini barua hii haiwezi kungoja. Uliondoka na Ramathan haraka juu ya mvua, kwa hiyo mengi hukuyaona. Na mengine yalisemwa ukiwa hapo hapo, lakini najua hukuyasikia.

Nisikufiche. Nilielewa pale nilipokuita mara nne ukiwa umeinama kwenye gurudumu, na wewe ukaendelea kufuta tope. Halafu ulipozungumza na mimi nikaona macho yako yako mdomoni mwangu. Usiogope. Katekista anasikia mambo makubwa kuliko hayo na hayasemi. Olga naye amekiri ya kwake. Nilimkasirikia mpaka chakula kilipoiva, halafu nikaona nikiendelea nitakula peke yangu.

Sasa nikuandikie uliyoyakosa.

Nilikuwa nimesimama na Marie pale njiani tangu saa tano. Sikumwambia tunangoja nini, juu nilijua atakataa kutoka. Watu wa foleni walikuwa nyuma yetu, wageni wa wiki hii, sura za vumbi. Mimi nilitazama barabara mpaka macho yakauma, na nilitega masikio. Sikusikia kitu. Nikasema moyoni, amepotea njia, au imemharibikia njiani, Kaberebere. Ndipo Marie akanigusa mkono, akaniambia, "Yule mama anataka kupita, sogea." Nikageuka. Ulikuwa nyuma yangu, Mama Resty, umepanda pikipiki yangu mwenyewe, injini inawaka, na mimi nimekuzibia njia.

Uliona nilivyocheka. Hukujua nilicheka nini.

Ulipokuwa unafuta tope, Marie aliniuliza, "Huyu mama ni nani?"

"Ni fundi wa Mbarara. Ndiye aliyeitengeneza."

"Amevaa viatu vya jeshi."

Nilikuwa nimeviona pia. Nikasema, "Alikuwa askari. Sasa amestaafu."

Alikuwa anatazama mikono yako, ile alama ya moto kwenye kidole gumba, na namna ulivyokuwa unapangusa ekzosi kwa pembe ya gauni lako la kutokea. Akauliza, "Alikuwa na bunduki?"

"Ramathan anasema alikuwa na spana."

"Miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

Akafikiri. Halafu akasema, "Muulize kama anaweza cherehani. Ile niliyoiona kwa mama wa jirani inaruka uzi, na hakuna hapa mutu anayejua kuilainisha." Nilikuuliza, lakini ulikuwa umeshanipa mgongo, ukipanda gari. Kwa hiyo nakuuliza hapa. Unaweza cherehani?

Mulipoondoka, matone ya kwanza yalianguka halafu mvua ikaghairi, ikaenda upande wa Juru. Nikamwambia Marie, "Basi. Ni wewe useme." Aliizunguka pikipiki yote. Akaweka kiganja karibu na salensa, akasikia joto, akakirudisha. Akaniambia, "Washa." Nikawasha. Akaniambia, "Washa, Kalume." Nikamwambia imeshawaka. Akainama mpaka sikio likawa karibu na tanki.

Nilimpandisha kwa kumbeba, kwa sababu ya ile nyonga. Alinishika kiuno kwa mikono miwili, na kwa mtu aliyekonda vile ana nguvu. Alilaza kichwa mgongoni kwangu. Nilijua amefumba macho, juu alikuwa anasema Salamu Maria ile ya haraka ya batu wenye hofu.

Mimi nilikuwa naogopa mteremko. Uko kwenye njia ya kuja kwetu. Kwenye mteremko lazima uachie mafuta, na hapo ndipo ilikuwa inapiga. Nilifikiri kubana mafuta na breki kwa pamoja mpaka chini, kwa ujanja. Halafu nikasema hapana, kama itapiga, ipige sasa, tujue. Nikaachia.

Ilikohoa kidogo tu, kama mutu anayeomba njia kanisani. Tukateremka. Nikahesabu mashamba, la kwanza, la pili, la tatu. Tulifika chini.

Marie akauliza mgongoni kwangu, "Imezimika?"

"Haijazimika. Tunatembea."

"Mbona nasikia ndege?"

Nilikuwa na kazi ya kuona barabara, na macho yangu siku hiyo hayakuwa makavu. Nilisikia kichwa chake kinainuka. Kidogo kidogo mkono mmoja uliniachia kiuno. Nikafikiri anataka kushuka, nikapunguza mwendo. Kumbe alikuwa anampungia mama mmoja aliyekuwa anapalilia. Akamwita kwa sauti, "Maharage yako yamestawi! Umeweka mbolea gani?" Yule mama alishtuka, hakujua tumetokea wapi. Tulikuwa tumeshapita wakati jibu linakuja, na Marie akanigombeza kwa nini sikusimama.

Kuanzia hapo hakunyamaza. Aliuliza shamba hili ni la nani, ile nyumba ya bati jipya ni ya nani, kwa nini mbuzi wa huku ni wafupi. Kila aliyekuwa njiani alisalimiwa. Tulitumia saa nzima kwa njia ambayo naimaliza kwa dakika ishirini na tano.

Nyumbani Olga alikuwa amesimama mlangoni, amevaa vizuri, na sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, mkononi. Sijui kwa nini alitoka nayo. Majirani walikuwa wamekuja na viti. Nikazima injini, nikashusha mguu wa pikipiki, nikageuka nimsaidie dada yangu kushuka.

Hakushuka. Alikuwa anatazama mbele, juu ya paa la nyumba yangu.

"Hii barabara inaendelea mpaka wapi?"

Nikamwambia inaendelea mpaka ziwani.

"Mbali?"

"Si mbali sana."

"Basi twende," akasema. "Hawa nitawasalimia nikirudi."

Kalume